Chujio la Lari Mbili

Ijumaa, mshahara wa udobi hospitalini
ukiwa bado na joto mfukoni,
nilikatiza soko la Kutaisi, upande wa vyuma,
ambako Gocha hutandaza turubai juu ya theluji iliyochafuka,
na juu ya turubai funguo zilizosahau kufuli zao,
vijiko visivyo ndugu, balbu, vizibo vya sinki.

Chujio la chai. Halizidi kiganja cha mtoto,
mpini umepinda kidogo
kama mtu anayeinamisha kichwa asikie vizuri.
"Lari mbili."
Nikamwambia moja na nusu. Akalipuliza vumbi,
akalielekeza juani, nikaona mbingu nzima
imekatwakatwa vipande vidogo vya samawati.
Nikatoa mbili.

Miaka kumi na tisa nimeichuja chai kwa meno,
nikitema majani ukingoni mwa kikombe,
wala sikujua kwamba hiyo ni kero
mpaka ilipokwisha.
Ndivyo zilivyo kero ndogo: hazipigi hodi,
huhamia tu, zikawa jamaa.

Jumamosi asubuhi nilimimina.
Chai ikashuka nyekundu, safi, haina hata unyasi,
na chini ya kikombe nikaliona ua
lililochorwa kiwandani, ambalo nilikuwa nimelisahau.
Nikanywa nimesimama. Nikamimina tena.
Nikamwita Tsiala wa ghorofa ya pili aje aone;
akaja mbio na viatu vya mumewe, akidhani bomba limepasuka.
"Chujio?"
"Chujio."
Akaketi. Tukamaliza birika.

Wanasema rahisi ghali. Waseme.
Dada yangu Lamara, anayemwogesha bibi wa watu huko Thesaloniki,
alinitumia mashine ya kufyonza vumbi,
ina taa saba na sauti ya kike inayosema Kigiriki.
Imo bado katika boksi lake. Kila wiki nalipangusa vumbi kwa kitambaa.
Lakini msumari nilionunua kwa tetri ishirini
nikaupigilia nyuma ya mlango, koti langu lisianguke,
huo nausalimu.
Nikirudi zamu ya usiku, ndio unaonipokea mzigo.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimekudanganya.

Zauri wangu, marehemu, alikuwa akisoma majani ya chai.
Si mganga; fundi breki wa mabasi, mwongo mwenye adabu.
Hugeuza kikombe changu juu ya kisahani,
akakunja uso kama hakimu:
"Naona safari. Naona bahari. Naona mwanamke
anamwongezea mumewe sukari."
Bahari hatukuifika, wala haiko mbali.
Sukari nilimwongezea kila mara.

Jumapili, nikiosha vyombo, niligeuza kikombe,
kwa mazoea ya mkono tu.
Kisahani kikabaki cheupe.
Hakuna safari. Hakuna aliyekunja uso.

Nilisimama pale mpaka maji yakapoa.

Sasa chujio linaning'inia kwenye msumari wake
(tetri ishirini nyingine; Gocha anadhani najenga nyumba),
nalo hufanya kazi siku sita, halilalamiki,
nami hunywa kama malkia wa nchi isiyo na madeni.
Siku ya saba nalipa mapumziko.
Siku hiyo namimina ovyo, majani yaelee yapendavyo,
nachuja kwa meno, natema,
nageuza kikombe, nakunja uso:

Naona lari mbili, nasema.
Naona mtu ametajirika.

Kisha naongeza sukari,
kijiko kimoja kupita ninavyopenda mimi.